Eti "kwa kuwa umeshakufa, nenda utuletee roleksi"!!!

Mchawi_wa_Ntinda:
Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka meza ya D&D sasa hivi, ule mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu, naandika juu ya boda, herufi zikipinda mlaumu mashimo.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule masta wetu wa Jumamosi, msimuliaji na mwamuzi wa mchezo, mwenye kofia ya sufu hata jua la saa nane likichoma, anayejificha nyuma ya pazia lake la maboksi kama hakimu anayeogopa mshtakiwa. Huyo huyo.

Miezi miwili nambembeleza binamu yangu aje kucheza D&D. Leo kaja. Kaja na kalamu yake! Karatasi ya mhusika kaijaza kwa mwandiko wa kupamba harusi: mchawi wa daraja la kwanza, uhai 7, mtoto wa mvuvi aliyekimbia ziwa lililokauka. Akakaa saa moja na dakika arobaini akisikiliza nasaba ya wafalme ambao hata makaburi yao hatutayafikia. Yesu angerudi akatukuta bado tuko kwa babu wa mfalme wa tisa.

Zamu yake ya kwanza haijafika, goblini, kile kijini kidogo kikorofi, karuka kutoka kichakani. Masta katupa dadu huko huko nyuma ya maboksi. "Umekufa."

Binti bado kashika kalamu. Ndipo jamaa akasema, bila hata kuinua macho: "Kwa kuwa umeshakufa, nenda utuletee roleksi. Yangu mayai matatu, bila kabichi."

Roleksi, ile chapati ya kukunja na mayai! BILA KABICHI, banange.

Na kitabu kinasema uhai ukifika sifuri unaanguka tu, kisha kila zamu unatupa dadu ya pande 20; 10 kwenda juu umefaulu, ukifaulu mara tatu umenusurika, ukifeli mara tatu ndiyo buriani. Yeye hakumpa hata moja. Alimpa oda. Mayai matatu!

Goblini_Mstaafu:
Pole, lakini kisheria alikufa. Goblini akipiga 20 kavu, dadu za madhara zinakuwa mbili. Sita na sita, ongeza 2 za goblini, ni 14. Toa uhai wake 7, inabaki ziada ya 7, sawa na uhai wake wote. Hapo hakuna kutupa dadu, ni kaburi moja kwa moja.

Mchawi_wa_Ntinda:
Nani aliiona hiyo 20??? Alitupa nyuma ya maboksi! Na kitabu chako kina ukurasa wa kumtuma maiti chapati?

Kaka_wa_Malaba:
Tangu Gygax na Arneson watoe huu mchezo 1974 watu wanauawa na goblini. Binamu yako ndiye wa kwanza kuhitaji uzi wa matanga?

Nyanya_wa_Jinja:
Nyinyi chekeni. Mimi mara yangu ya kwanza sikujua hata dadu ya pande 8 ni ipi. Nilimwaga mafuta ya taa kwenye ngazi, majambazi sita wakaporomoka mmoja juu ya mwenzake, meza nzima ikasimama. Sheria za siku ile sikumbuki hata moja. Ila hizo ngazi ndizo zinanirudisha mpaka leo. Mgeni mwachie ngazi zake, jamani, za wafalme ataambiwa mwezi ujao.

Kaka_wa_Malaba:
Mafuta ya taa bei hii? Kumbe mama ni tajiri.

Msela_Kansanga:
Afadhali nyie mna masta. Wetu kahamia mpira wa Ulaya, kila Jumamosi "nitachelewa kidogo". Tunatumia dadu za kwenye simu, umeme ukikatika na chaji inaisha, joka linabaki hewani wiki mbili.

Mlokole_Mpole:
Samahani wapendwa, huu mchezo wa wachawi mnachezea nyumba ya nani? Wazazi wanajua?

Msela_Kansanga:
Mama, mchawi mwenyewe alikuwa na uhai 7 na kalamu. Ombea goblini.

Chapati_Mbili:
Mimi nimekwama kwenye jambo moja. Mayai matatu bila kabichi hiyo si roleksi. Hiyo ni kiwewe kilichokunjwa kwenye chapati.

Goblini_Mstaafu:
Kabichi inalowesha chapati. Nyanya na kitunguu vinatosha.

Chapati_Mbili:
Ssebo, wewe ndiye masta mwenyewe nini?

Nyanya_wa_Jinja:
Kabichi iwe nyembamba na ikaangwe NA yai. Hawa vijana wa siku hizi wanairusha mbichi juu kama wanalisha sungura.

Msela_Kansanga:
Na wanaofunga kwa karatasi za mitihani ya watoto? Juzi nimekula hesabu za darasa la nne, mtoto kapata 3 kwa 20.

Mchawi_wa_Ntinda:
Jamani, uzi ni wa BINAMU YANGU. Alipanga foleni! Mvua inanyesha! Mchawi wake hajarusha hata cheche moja!

Kaka_wa_Malaba:
Kwani roleksi alizileta?

Mchawi_wa_Ntinda:
Alizileta. Sita, kwenye kavera, mfuko wa plastiki. Na chenji akarudisha.

Kaka_wa_Malaba:
Na wewe ulikula?

Mchawi_wa_Ntinda:
...Zilikuwa za moto.

Chapati_Mbili:
Kibanda kipi hicho?