Sura ya pili ya Zai

Zai: Asalaam alaykum. Mjomba shikamoo. Msimamizi kairudisha sura ya pili ya tasnifu yangu, eti imeandikwa na mashine. Wallahi nimeandika mwenyewe! Akili mnemba nimeitumia kunyoosha Kiingereza tu.

Mjomba Hamadi: Marahaba mwanangu. Kajuaje?

Zai: Kuna programu ya kupima kama maandishi ni ya mashine, imetoa asilimia.

Mjomba Hamadi: Asilimia si ushahidi. OpenAI, wenye ChatGPT, walikuwa na kipimo chao. Julai 2023 wakakiondoa kwa kukosea mno. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu vipimo saba kwa insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza wa watu ambao Kiingereza si lugha yao. Kwa wastani zaidi ya nusu zikahesabiwa za mashine! Sisi Kiingereza tumekipatia darasani, maneno ni yaleyale. Ndiyo maana vinatukamata.

Faraji: Sasa si bora mashine imwandikie yote? Lawama ni ileile.

Mjomba Hamadi: Hapana Faraji, hilo silikubali kabisa, mashine hutunga. Juzi nimesoma tasnifu moja, marejeo yamepangika: jarida lipo kweli, mwaka upo, kurasa zipo. Kufungua ukurasa wenyewe, nakuta makala ya korosho. Namuuliza mwanafunzi, kimya. Na New York mwaka 2023 mawakili walipeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT, jaji akawatoza dola 5,000.

Shangazi Paje: Zai, yale niliyokwambia pwani umeyatia?

Zai: Ya mwani?

Shangazi Paje: Eeh. Kwamba mwani aina ya kotonii unaoza maji yakipata moto, tukabaki na aina ya spinosamu, bei yake ndogo. Na kwamba tukiambiwa tuifuate kotonii maji ya kina, wengi wetu hatujui kuogelea.

Zai: Yote yamo sura ya nne, kwa maneno yako. Jana nilijaribu kuiambia mashine ifupishe, ikaandika "wakulima wanakabiliwa na changamoto mbalimbali". Kuogelea hakumo. Nikafuta.

Mama Zai: Changamoto mbalimbali hata mimi dukani ninazo. Umefanya vizuri kufuta.

Mjomba Hamadi: Hiyo ya kuogelea ndiyo utafiti wenyewe, haipo popote mpaka mtu aende akaulize. Zai, mpelekee msimamizi rasimu zote tangu ya kwanza, na daftari la fildi. Mwombe akuulize ana kwa ana.

Zai: Rasimu ninazo na tarehe zake. Na kule kunyoosha Kiingereza kwa mashine, nikutaje?

Mjomba Hamadi: Kutaje, sura ya tatu kwenye mbinu: programu gani, uliitumia kwa lipi. Jarida la sayansi la Nature, Januari 2023 lilikataa mashine iwe mwandishi, likataka aliyeitumia aseme.

Shangazi Paje: Jina langu lakini usilitie.

Zai: Halimo shangazi. Wewe ni "Mshiriki wa 4".

Shangazi Paje: Haya. Bamvua likianza njoo, wenzangu nao wana ya kusema.