Dabi ya Mazembe na Lupopo: uangalie wapi kama uko peke yako upande wako?

BintiWaReli (Kamalondo)
Jambo zenu wote. Naomba mnisaidie kuchagua, dabi ya hapa Lubumbashi iko karibu.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Sisi watoto tulizaliwa tukaikuta Lupopo, timu ya reli, nyumbani, njano na bluu, kama tulivyoikuta meza ya kulia. Halafu nikaolewa Kamalondo, hatua chache kutoka uwanja wa Mazembe. Hapa nyumba nzima ni nyeusi na nyeupe. Baba mukwe ni wa zamani sana, mpaka leo anaita timu yake "Englebert", jina lake la kale. Mtoto wa shemeji, ambaye hata Kidiaba, yule kipa wao wa kuruka kwa makalio, hakumwona akicheza, Mazembe ikifunga anashuka chini anaruka kwa makalio chumba kizima.

Nimepima sehemu hizi:

Sebuleni kwa baba mukwe. Tele ni kubwa, dekoda ipo, umeme ukikatika kuna grupe (jenereta). Lakini mimi ni mukwe. Mnajua wenyewe, mbele ya baba mukwe hata kucheka unapima. Dabi iliyopita Lupopo ilipofunga nilikuwa nimeshika sinia la glasi. Niliweka sinia mezani polepole, glasi moja ikagonga nyingine, nikatoka mpaka nyuma ya tangi la maji, nikauma kona ya kikwembe changu na kulia kwa furaha bila sauti. Niliporudi mama mukwe aliniangalia usoni kwa muda mrefu.

Nganda (baa) ya kona. Mume wangu huenda huko. Wote ni Mazembe.

Uwanjani, kama Lupopo ndiyo inapokea pale Kibassa Maliba.

Kwa kaka yangu Katuba. Kule ni kwetu, nitapiga kelele nipendavyo. Lakini nina mtoto wa miezi saba na kurudi usiku ni tabu.

Redio jikoni. Hiyo ndiyo nimekuwa nikifanya.

Ninyi mnaokaa katikati ya mashabiki wa timu nyingine, mnafanyaje? Na je, mnasema wazi mko upande gani, au mnanyamaza?

CorbeauWaDamu
Jambo mama. Miye niko wa Mazembe, natangulia kusema vile. Batu banaogopa nganda ya Kamalondo bure. Kwetu pale iko baba moya wa Lupopo, miaka mingi anakuya na maillot yake ya jaune, anaikala karibu na frigo, kiti yake bote banaijua. Tukifunga tunamupigia kelele mpaka anafunika masikio. Wakifunga beye, anasimama peke yake anaimba, na hakuna mutu anamugusa. Mambo njo hii: alisema tangu siku ya kwanza. Mutu mwenye kujificha, halafu goli inaingia anaruka, ule njo batu banamukasirikia, kwa sababu banaona alikuwa anabachunguza.

Kitu kimoya tu. Usitaye 1967 mbele ya bazee. Kabisa.

MwanaKatuba_88
Corbeau, mbona 1967 isitajwe? Historia ni historia. Fainali mbili na Asante Kotoko ziliisha sare, 1-1 na 2-2, ikapangwa mechi ya tatu, Kotoko hawakutokea, Englebert wakapewa kombe. Mimi nasema tu kilichoandikwa.

CorbeauWaDamu
Na 1968 tulirudi tukachukua tena, uwanjani. Andika na hiyo. Na 2009, 2010, 2015. Mama ameuliza nafasi ya kukaa, tumusaidie.

MzeeWaKenya
Binti, mimi ni Lupopo, mtu wa komini ya Kenya hapa Lubumbashi, na nimekaa kwenye pourtour, jukwaa la kawaida, ya Kibassa Maliba tangu uwanja ukiitwa kwa jina lingine. Nakueleza kama mtoto wangu.

Uwanjani ndiko mpira ulipo. Tele inakuonyesha mpira tu, haikuonyeshi beki wa kushoto anavyogombana na kocha wake, wala ngoma haikutikisi kifuani. Ila wengi wanapima vibaya. Wanafikiria dakika tisini, wakati dakika tisini ukiwa katikati ya watu wako ni salama. Pima nusu saa baada ya filimbi ya mwisho. Hapo milango imefunguka, pande mbili zinakutana barabarani, mmoja ana uchungu na mwingine ana fujo ya furaha, taxi-bus zimejaa. Mimi huwa natoka dakika ya themanini na tano kama tunaongoza, na kama tunafungwa nabaki nimekaa mpaka uwanja uishe watu. Jezi naitoa, naikunja, naiweka kwenye mfuko mweusi. Siioni kama aibu. Nina wajukuu.

Wewe unarudi Kamalondo, tena na mtoto mchanga. Uwanja uache msimu huu. Utakuwepo tu.

Dereva_wa_Tunduma
Habari zenu ndugu. Mimi ni Mtanzania, naendesha lori Dar mpaka Lubumbashi kupitia Kasumbalesa, na ni Yanga wa kutupwa. Nimesoma hapa nikaona lazima niseme.

Tarehe 14 Desemba 2024 mzigo wangu ulikuwa haujashushwa, nikasema siwezi kukaa kilomita chache kutoka uwanjani na Yanga ipo ndani. Nikaingia uwanja wa Mazembe na utingo wangu. Tulikosa upande wa Wananchi, yaani Yanga wenzetu, tukajikuta tumezungukwa na watu waliovaa nyeusi na nyeupe, na ile ngoma yao kubwa nyuma yetu. Mzee aliyekaa pembeni yangu akaniuliza, "Weye uko wa wapi?" Nikamjibu bila kuzunguka: baba, mimi natoka Tanzania, niko na Yanga. Akacheka, akaniambia "Samatta alikuwa mtoto wetu hapa." Basi tukaanza kuzungumza habari za Samatta, penalti yake dhidi ya USM Alger fainali ya 2015, na za Mtanzania mwenzake Thomas Ulimwengu. Mwenzenu nikawa mgeni wake.

Mazembe wakatangulia kwa penalti. Mzee akanipiga begani, pole mwanangu. Mpira ukaenda, ukaenda, dakika za nyongeza, Dube wetu wa Yanga akasawazisha. Nilisimama. Sikupiga kelele, nilisimama tu na mikono kichwani, machozi yananitoka. Vijana wa nyuma wakaanza maneno. Yule mzee akageuka akawaambia kitu kwa Kiswahili chenu cha haraka ambacho sikukishika chote, nilishika "mugeni wangu". Wakanyamaza.

Kwa hiyo dada, nafasi yoyote utakayochagua, tafuta kwanza mtu wa pale wa kukaa naye. Mimi bila yule mzee nisingeandika hivi.

Gunner_Bukavu
Mimi nasema tofauti kidogo. Niko Bukavu, mwanafunzi, shabiki wa Arsenal, na sine (ukumbi wa kulipia) ninayoangalia mpira ni ya mashabiki wa Chelsea na Manchester United. Mimi nanyamaza. Naingia, nalipa, nakaa benchi la mwisho karibu na mlango, nashangilia ndani ya moyo. Mpira wa Ulaya hapa watu wanaweka pesa, na mtu aliyepoteza pesa hasikii "mimi ni mgeni". Uwazi ni mzuri mahali ambapo watu wanakujua. Kwenye sine ya kulipia hakuna anayekujua.

CorbeauWaDamu
Gunner, apo kwenye pesa uko na haki. Kwa nganda yetu mwenye nganda alikataza kubeti juu ya meza. Ukitaka kubeti, kwenda kwako.

MamaMichopo
Nimesoma wote na naona wanaume mnamjibu kama vile ni mwanaume. Kaka zangu, hakuuliza tu kama atapigwa. Ameuliza habari ya bukwe, heshima ya ukweni.

Mwanangu, mimi nachoma michopo, nyama ya kuchoma, mbele ya nganda mwaka wa kumi na mbili huu. Mwanamke mwenye mtoto wa miezi saba kwenye nganda ya kona ambapo mume wake yupo na marafiki zake: ukikaa, mume hatatazama mpira, atakuwa anakutazama wewe na kutazama nani anakutazama. Utamharibia siku, naye atakuharibia. Hiyo futa. Kwa kaka yako Katuba ni pazuri, lakini kila dabi ukikimbilia kwenu, Kamalondo watasema mukwe wetu hajahamia bado.

Nikilinganisha, zinabaki mbili tu, sebule na jiko. Na jiko umeshalizoea. Swali langu kwako: mama mukwe alipokuangalia usoni siku ile, ulimsemesha?

BintiWaReli
Mama, sikumsemesha. Niliona aibu.

Niwaambie kuhusu jiko. Redio ninayo ndogo ya betri, naiweka juu ya gunia la unga wa bukari, sauti chini kabisa. Kuna kitu kimoja cha ajabu: redio inatangulia tele. Siku ile goli la Lupopo nilikuwa nimelisikia tayari jikoni, ndipo nikachukua sinia kwenda sebuleni. Nilipoingia, kwenye tele mchezaji wetu alikuwa bado anakimbia na mpira. Nimesimama pale, baba mukwe anasema "mutoe, mutoe huyo!", na mimi peke yangu katika nyumba ile najua kuwa hawatamtoa. Nilihesabu mpaka tano hivi. Hizo sekunde sitazisahau.

Kwa nini inatangulia? Mume wangu anasema nimeota.

FundiAntena
Hukuota, mama. Ni kazi yangu hii. Redio ya FM, mtangazaji akisema akiwa uwanjani, sauti inakufikia karibu papo hapo. Picha ya dekoda inapanda kwenye satelaiti iliyo kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, inarudi chini. Safari yenyewe ni kama robo ya sekunde tu. Kinachochelewesha ni kuibana picha kabla ya kutumwa na kuifungua tena kwenye dekoda. Hapo sekunde kadhaa zinapotea. Anayeangalia kwa simu kupitia intaneti anachelewa zaidi, hata nusu dakika.

Ndiyo maana mtaa mmoja unaweza kusikia goli mara tatu: kwanza kwa wenye redio, halafu wenye dekoda, mwisho vijana wa simu. Na kwako Kamalondo una kipimo kingine: nyumba zenu ziko karibu na uwanja. Mazembe ikicheza hapo, kelele ya uwanja inapita ukuta kabla ya picha. Mtaa ukipasuka, ni wao wamefunga. Mtaa ukiwa kimya na redio inapiga kelele, ni ninyi.

MwanaKatuba_88
Fundi, huo "ukimya wa Kamalondo" ndio wimbo ninaoupenda kuliko yote.

MzeeWaKenya
Mwanangu wa Katuba, dada yenu anaishi ndani ya ukimya huo. Usimchochee.

Binti, fuata neno la MamaMichopo. Mukwe haongei na baba mukwe juu ya mambo yake moja kwa moja, anapitia kwa mama. Na chagua siku isiyo ya mpira.

Dereva_wa_Tunduma
Nakubali na mzee. Kwetu pia ni hivyo hivyo. Ukisema wazi siku ya mechi inaonekana ni uchokozi. Ukisema Jumanne ukiwa unachambua mboga, ni habari tu.

BintiWaReli
Nimerudi. Naomba radhi kuchelewa, mtoto alikuwa na homa, sasa ni mzima.

Nilifanya kama mlivyosema. Tulikuwa na mama mukwe tunachambua sombe. Nikamwambia: mama, siku ile ya dabi, nyuma ya tangi, nilikuwa nalia kwa sababu Lupopo ilifunga. Akaendelea kuchambua. Akasema, "Nilifikiri umepata habari ya msiba kwenu. Nilikaa siku mbili nasubiri uniambie." Iliniuma sana kusikia hivyo. Siku mbili nzima ana wasiwasi juu yangu, na mimi nilikuwa najilinda nisionekane nimefurahi.

Jioni akampelekea mzee habari hiyo. Mimi nilikuwa jikoni, nilisikia sauti yake tu: "Mtoto wa mtu wa reli, mlitaka awe wa nani?" Halafu wakazungumza kwa muda kuhusu treni za zamani, na jinsi yeye mwenyewe alivyosafiri mpaka Kamina kwa siku mbili. Jina la baba yangu lilitajwa. Sikujua kama analijua.

Kesho yake nikakuta kile kiti kidogo cha mbao kimetolewa barazani. Kimewekwa kwenye mlango kati ya sebule na korido, pembeni kidogo. Ukikaa pale tele unaiona yote, na baba mukwe humuoni ana kwa ana, unaona kisogo chake na mkono wake kwenye kiti. Nyuma yako ni korido inayoshuka uani. Mama mukwe akanieleza: nikitaka kupiga kelele, nigeuke nipige kuelekea uani. Kuelekea sebuleni hapana.

Kaka zangu wa Lupopo mtaniambia ni kidogo. Kwangu ni kikubwa, sikulala vizuri kwa kufikiria kiti kile.

Redio nimemwachia mtoto wa shemeji. Ameniomba mwenyewe, anataka kujua kabla ya babu. Nimemwomba asiseme kitu mpaka picha ifike.

Mechi ni Jumapili. Lita tatu za mafuta ya grupe nimenunua mimi.