Nimeomba msaada wa gemu, naambiwa "mpake singo" mbele za watu!

MtotoWaKikwajuni:
Nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua, mikono inanitetemeka. Naandika hapahapa kabla sijalala nikasamehe.

Nyote mnamjua, sina haja ya kutaja jina. Yule mwenye banda la gemu, aliyejifanya kadhi wa kompyuta, ukimuuliza kitu anaguna kwanza kama daktari aliyeona eksirei mbaya. Huyohuyo.

Siku tatu silali. Siku tatu! Nina mwanamke wangu kwenye gemu ya Skyrim, wa kabila la Redguard, nimemuunda mwenyewe tokea pua mpaka kope awe ananifuata vitani. Redguard ni watu weusi kwa asili yao, na mie nimemtia rangi ya maji ya kunde, ileile ya mama yangu mdogo, ili kwenye nchi ile ya theluji iliyojaa Nord na ndevu zao nipate kumuona mtu wa kwetu. Nikamaliza, nikaingia kwenye gemu. Lahaula! Mwili maji ya kunde, mikono maji ya kunde, uso kijivu kama jivu la makumbi. Na pale shingoni mstari umenyooka kama uliopigwa kwa rula, unaonekana mpaka Chumbe.

Nikabadilisha teksicha za kichwa, zile picha za ngozi. Kijivu. Nikabadilisha za mwili. Kijivu. Nikazitoa modi zote, vile viongezo vya gemu, nikazirudisha moja moja. Kijivu. Usiku wa tatu feni ya laptopu inanguruma kama boti ya Pemba inayotoka bandarini, mama ananigongea mlango anauliza napika nini saa hizi.

Basi leo baada ya Isha nimeikumbatia laptopu yangu kama mtoto mgonjwa, nikenda kwake. Nikatoa salamu kwa adabu, nikamwita kaka, na wala hanizidi hata miaka mitano. Kibaraza kimejaa, watu hawapungui kumi. Yeye ana bakuli la urojo mkononi. Nikafungua picha, nikaikuza pale shingoni, nikamwambia, "Kaka, naomba unitazamie, uso na mwili haviwiani."

Akatazama. Akapiga funda la urojo. Akatazama tena. Halafu akanyoosha kijiko kuelekea kwenye kioo changu, na kwa sauti ya mtu anayealika harusi, akasema: "Huyu mpeleke kwa somo wake. Mpake singo."

Mpake singo!

Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Mmoja kajipiga mapaja mpaka kofia imemtoka. Mtoto aliyetumwa sukari dukani, hanijui simjui, na yeye kasimama anacheka. Somo gani wa kumfunda? Singo gani ya kumsugua mwili? Mie nimekuja na mafaili, sikuja na bibi harusi! Nauliza habari ya teksicha najibiwa liwa na mawaridi!

Na kile kijiko kilikuwa kinachuruzika. Tone likaangukia wapi? Kwenye kibodi yangu. Hakuniomba radhi. Kalifuta kwa kidole, kidole kakilamba, kisha akageuka akawarudilia waliochelewa kufika: "Nimemwambia ampake singo." Kwa waliochelewa! Ili na wao wasikose!

Ingekuwa ni siku ya Mwaka Kogwa ningemkimbiza na gogo la mgomba Makunduchi nzima. Anayejua ugonjwa wa uso huu anisaidie. Lakini atakayeliandika neno lile humu, mie na yeye basi.

PwezaWaForodhani:
Mpake singo.

BintiShangani:
Nimecheka mpaka mwanangu kaamka. Pole kaka. Lakini na liwa nzuri haishindwi na shingo, hilo nakuhakikishia.

MtuWaWete:
Mvishe ushungi tu. Shingo nani ataiona?

MtotoWaKikwajuni:
Nimeshasema mtu asiandike! Na ushungi unaziba shingo, uso kijivu niuzibe na nini, sufuria?

KarafuuMbichi:
Na singo yenyewe hupakwa mwili, uso una mambo yake mengine. Kwa hiyo yule hajui gemu wala hajui harusi.

FundiBubu:
Nyamazeni kidogo. Mleta uzi, nijibu matatu. Toleo lako la 2011 au la 2016? Huyo ni NPC, yaani anaendeshwa na gemu yenyewe, au ndiye unayemchezesha? Na uso ni kijivu wote, au rangi imepishana kidogo tu?

MtotoWaKikwajuni:
La 2016, Special Edition. Ni NPC. Ninayemchezesha mwenyewe hana tatizo lolote. Uso kijivu wote.

FundiBubu:
Basi teksicha umezionea bure. Kichwa cha mchezaji gemu hukitengeneza papohapo, ndiyo maana chako ni kizima. Kichwa cha NPC hutengenezwa mapema, kikawekwa kwenye mafaili mawili: umbo ni faili la .nif ndani ya FaceGeom, rangi ni faili la .dds ndani ya FaceTint. Humo ndani folda huitwa kwa jina la plagini, yaani lile faili la modi yako, na faili huitwa kwa namba ya mhusika. Gemu ikifika ikakuta faili halipo, au yaliyomo hayakubaliani na yaliyoandikwa kwenye plagini, uso unageuka kijivu au mweusi. Mstari wa shingoni peke yake, rangi zikikaribiana, huo ndio ugonjwa wa teksicha: umechukua kichwa cha ukoo mmoja ukakipachika kwenye mwili wa ukoo mwengine, modi ya mwili ya CBBE huku na ya UNP kule. Wako si huo. Hebu sema kweli, ulibadilisha jina la plagini baada ya kumaliza?

MtotoWaKikwajuni:
Nilibadilisha. Ilikuwa jaribio2.esp, nikaona halina heshima, nikaipa jina la bibi yangu.

FundiBubu:
Ndipo hapo. Folda bado inaitwa jaribio2.esp, gemu inatafuta folda ya bibi haioni. Fungua Creation Kit, ile programu ya kuundia modi, ipakie plagini yako, mchague huyo mwanamke kwenye orodha, ubonyeze Ctrl+F4. Ikikuuliza, kubali. Itatengeneza mafaili mapya yenye jina sahihi. Kama laptopu yako ni za aina ile, shika na Fn.

MtotoWaKikwajuni:
Mola akulipe kheri. Unaona sasa? Jibu lilikuwa vitufe viwili! VIWILI! Yeye angenitajia vitufe viwili akaendelea na urojo wake. Kachagua singo!

PwezaWaForodhani:
Kwa hiyo kosa ni la bibi.

MtuWaWete:
Nyinyi mnalilia shingo. Mie modi ya giga nne naishusha tokea juzi, ikifika asilimia tisini na tisa umeme unakatika. Ukirudi inaanza sifuri. Niko gizani natazamana na kioo cheusi, uso kijivu ningeushukuru.

BintiShangani:
Umeme una nafuu. Mie yuleyule mnayemsema kaniuzia chaja, anaapa ya asili. Nimeichomeka usiku, nyumba nzima ikanuka kama mtu kaunguza pweza. Narudi asubuhi, ananiambia ukuta wangu mbovu.

KarafuuMbichi:
Chaja jambo dogo. Mie kanitilia Windows, ikaja na picha za harusi ya watu. Mia sita. Mpaka leo sijui bibi harusi ni nani lakini shangazi zake wote nawajua kwa sura.

PwezaWaForodhani:
Huyo bibi harusi alipakwa singo?

KarafuuMbichi:
Alipendeza, si haba.

MtotoWaKikwajuni:
Jamani uzi huu ni wangu! Nimefungua Creation Kit. Plagini nimeipakia. Nimemchagua. Ctrl inashuka. F4 haishuki.

FundiBubu:
Haishuki vipi?

MtotoWaKikwajuni:
Imeganda. Nimeinamia na tochi ya simu, pembeni pana ukoko wa manjano. Ndipo lilipoangukia lile tone! Vitufe vyote hivi, kachagua F4! Kanidhalilisha, kisha kanifungia na dawa!

FundiBubu:
Zima laptopu, chukua pamba na spiriti kidogo, pitisha pembeni polepole. Usichokoe na kisu. Kama una haraka fungua kibodi ya kwenye kioo, gusa Fn ndipo F4 itokeze.

BintiShangani:
Urojo ni unga wa ngano, ukikauka ni gundi kabisa. Mie nguo ya skuli ya mwanangu niliiroweka siku mbili. Alikuwa anakula wa nani?

PwezaWaForodhani:
Nilikuwepo. Rangi ilikuwa imepauka, ule si wa Forodhani. Na hakutia bajia.

MtuWaWete:
Urojo bila bajia?

PwezaWaForodhani:
Kachori moja tu na kiazi. Nimeona kwa macho yangu.

KarafuuMbichi:
Ukali wake wa embe au wa ndimu?

MtuWaWete:
Mtu asiyetia bajia unamuuliza embe! Njooni Wete muone bakuli lilivyojazwa, kijiko kinasimama chenyewe.

BintiShangani:
Kijiko kikisimama huo ni uji, kaka yangu.