Mtu akiuliza asome nani, kwa nini tunamtajia marehemu?

Mleta mada, Morogoro

Wakuu, heshima kwenu. Mada yangu ni ndogo lakini imenikera wiki nzima.

Binti wa dada yangu kamaliza kidato cha nne, yuko nyumbani anasubiri matokeo. Huyu mtoto anasoma kwelikweli, hata gazeti lililofungia maandazi analikunjua alisome. Jumapili akaniuliza: "Mjomba, riwaya za shule nimezimaliza. Sasa nisome nani?" Nikakaa vizuri kama mzee aliyeombwa nasaha harusini. Nikaanza: Shaaban Robert. Kezilahabi. Musiba na Willy Gamba wake. Mtobwa na Joram Kiango. Nikavuka mpaka, nikamwongezea Ken Walibora. Mtoto anaandika kwenye simu, anaandika, halafu akanyanyua uso: "Mjomba, hawa wote si wamekufa?"

Nikahesabu. Shaaban Robert 1962. Mtobwa 2008. Musiba 2010. Kezilahabi Januari 2020, Walibora Aprili mwaka huohuo. Kumbe nilikuwa namsomea tanzia.

Kesho yake nikaenda mjini, duka la vitabu, nikaomba riwaya mpya ya Kiswahili. Kijana akaniuliza, "Ya kidato cha ngapi?" Nikamwambia ya kusoma tu. "Ya kusoma tu?" Akarudia hivyohivyo, kisha akaenda kumwita mwenzake wa ndani aje anisikilize.

Hoja yangu ni kwamba waandishi wapya wapo, ila sisi tunaojiita wasomaji tuliacha kusoma siku tuliyorudisha vitabu vya shule. Tunapendekeza kwa kumbukumbu. Angalia lililotupata kwa Abdulrazak Gurnah: mtu wa Unguja, riwaya yake ya Kiingereza, Paradise, ilitoka 1994. Wengi wetu jina lake tulilisikia 2021, Waswidi walipompa Nobel. Peponi, tafsiri yake ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ikatoka 2022. Miaka 28! Jirani yetu tumeonyeshwa na watu wa Stockholm.

Napendekeza hivi: ukiulizwa, taja walau mmoja aliye hai, na kitabu chake uwe umekimaliza wewe mwenyewe. Naanza mimi: Zainab Alwi Baharoon, Mungu Hakopeshwa, mshindi wa Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili. Nimekisoma kwenye basi la kwenda Dar. Nilikuwa nashuka Kibaha, nikajikuta Mbezi.

Povu ruksa. Nawasilisha.

Muuza vitabu, Posta, Dar

Mkuu, usimcheke yule kijana wa dukani. Na mimi ningekuuliza hivyohivyo. Napanga vitabu chini, juu ya turubai, mwaka wa tisa sasa. Wateja wangu ni mama anayetafuta kitabu cha mtoto, kijana anayetaka kitabu cha kutajirika, na mzee anayeuliza kama nina Musiba. Huyo mzee akimpata Musiba habishani bei.

Mwaka jana alikuja mwandishi mwenyewe na begi mgongoni, kijana mpole, akaniachia nakala kumi kwa mali kauli. Miezi minne nimeuza mbili, na moja kati ya hizo nilinunua mimi. Jua limelila jalada, lilikuwa jekundu sasa limekuwa la waridi. Kijana anapita kila Ijumaa kuulizia. Nikimwona anavuka barabara natamani kuingia chini ya turubai.

Kitabu kile ni kizuri lakini. Nilikisoma mvua ilipokuwa inanyesha na wateja hakuna.

Msomaji, Tanga

Mleta mada, mimi napingana na wewe mchana kweupe.

Mtu akiniuliza asome nani, anakuja na pesa yake na usiku wake. Nikimpeleka kwa mwandishi mbovu kwa sababu tu anapumua, kesho hanisikilizi, na pengine harudi tena kwenye riwaya ya Kiswahili. Nimenunua riwaya za waandishi wapya sita. Katika moja shujaa anaitwa Jumanne hadi sura ya tatu, sura ya tisa amekuwa Jumaa, na mke wake aliyezikwa ukurasa wa 40 anapika chai ukurasa wa 88. Nyingine haina hata mhariri aliyetenganisha "l" na "r". Kitabu kimechapwa kwa haraka, kikabandikwa picha ya bastola iliyochotwa kwenye intaneti, basi.

Wale marehemu walipita mikononi mwa wahariri. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Acheni kutuhimiza kununua kwa huruma kama tunachangia msiba.

Muuza vitabu, Posta, Dar

Kizuri chajiuza? Njoo Posta nikuonyeshe kizuri kinavyobabuka juani.

Mwalimu, Kakamega

Hamjambo nyote. Nimefundisha Kiswahili shule ya upili kwa muda mrefu, na nadhani mnaukwepa mzizi wa jambo hili.

Hapa Kenya mwandishi huzaliwa siku kitabu chake kinapoteuliwa kutahiniwa, na hufa siku kinapoondolewa. Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Walibora, kilitahiniwa hadi 2017. Mwaka uliofuata nilikipata kikishikilia dirisha la ofisi lisifungwe na upepo. Nakala arobaini na kitu, hakuna aliyezitaka. Na hata wakati wa enzi zake, wangapi walikisoma? Nina wanafunzi waliopita karatasi ya tatu vizuri sana wakiwa wamesoma mwongozo peke yake. Wanajua dhamira, wanajua sifa za Amani, wanakutajia jazanda tano bila kupumua. Waulize kama walicheka mahali popote. Wanakutazama tu.

Kwa hivyo msomaji ameshafunzwa kwamba riwaya ni kitu cha kujibia maswali. Ukimtajia mwandishi mpya, swali lake la kwanza ni: ana mwongozo?

Ninachofanya ni hiki. Ijumaa kipindi cha mwisho, wakati hata mimi sina nguvu ya kufundisha, nawasomea kwa sauti. Dakika kumi. Nakoma mahali mlango unagongwa au barua inafunguliwa, nafunga kitabu, natoka. Simwambii mtu kuwa kitabu ni kizuri. Jumatatu kuna watatu au wanne mlangoni kwangu. Huwa naanza na hao mnaowaita marehemu kwa sababu ndio walio kwenye kabati la shule. Mtoto akishanaswa na mmoja atamtafuta aliye hai mwenyewe. Mleta mada, mpwa wako alikuuliza asome nani, nawe ukampa orodha. Ungemsomea ukurasa.

Dada, Muscat

Jamani mnanichekesha. Mnawatafuta waandishi wapya madukani wakati wamejaa kwenye simu yangu.

Mimi nafanya kazi za ndani huku. Nikimaliza vyombo ni saa tano usiku, nalala chali, nafungua WhatsApp. Hadithi inakuja sehemu kwa sehemu. Kumi za mwanzo bure, halafu "mwenye kutaka mwendelezo alipie". Mdogo wangu yuko Mbagala ananilipia kwa M-Pesa, elfu mbili kwa hadithi nzima. Nipo na moja sehemu ya 47, mke mkubwa kagundua kwamba mpangaji wa chumba cha uani ni mtoto wa mume wake. Msiniambie hiyo si fasihi, mimi nimekosa usingizi siku mbili.

Bibi yangu alikuwa akinunua magazeti ya Ijumaa kwa ajili ya ile hadithi ya ukurasa wa ndani yenye "itaendelea". Habari hasomi. Ni kitu kilekile, kimehama tu kutoka kwenye karatasi.

Kinachoniuma ni kimoja. Wanapotea. Kuna mwandishi nilimlipia mwezi wa nne, akatuacha shujaa yuko ndani ya kisima. Mpaka leo yumo. Namba haipatikani. Kaka wa Tanga unalia na Jumanne na Jumaa, wangu hana hata mwisho.

Msomaji, Tanga

Dada, hilo la kisima nimecheka hadi mke wangu kaja kuniangalia. Lakini umeniunga mkono bila kujua. Angekuwa na mchapishaji, angekutoa kisimani.

Mie wa Ng'ambo, Unguja

Assalaam alaykum. Nimewasoma nyote, na naona limesahaulika moja.

Yupo Muhammed Said Abdulla, aliyetupa mpelelezi Bwana Msa; naye tunamhesabu wa zamani, wa kuheshimiwa, wa kabatini. Mnajua alitokea wapi? Mashindano. Shirika la vitabu la wakoloni, East African Literature Bureau, liliitisha shindano la hadithi za Kiswahili 1957 na 1958, huyu bwana akapeleka Mzimu wa Watu wa Kale, akashinda, kikachapwa 1960. Kabla ya hapo alikuwa mwandishi wa magazeti hapa kwetu, hana riwaya. Basi hata yeye alipata kuwa mgeni ambaye hapana aliyemjua, akaletwa na tuzo.

Ndiyo maana mie sibezi tuzo. Hii ya Mabati-Cornell ilianzishwa 2014, na waliojitokeza humo wengi ni watu ambao mie nilikuwa sijapata kuwasikia. Zainab aliyetajwa hapo juu. Ali Hilal Ali na Mmeza Fupa, hicho nimekimaliza kwa siku mbili, na lugha yake ni ya huku kwetu khasa, hajaipiga pasi ili iwafurahishe watu wa bara. Bara nako iko Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, ya kwanza ilitolewa Aprili 2023. Lakini hebu niulizeni: baada ya tuzo kunakuwa na nini? Kila mtu anazijua milioni kumi za mshindi. Nitajieni riwaya iliyozipata.

Mnaona. Tuzo inamtia mwandishi mlangoni. Wa kumkaribisha ndani ni sisi, na sisi tumekaa barazani tunahadithiana habari za Bwana Msa.

Mpita njia

Mwenye PDF ya Mungu Hakopeshwa aitupie hapa.

Muuza vitabu, Posta, Dar

Yaani katika yote yaliyosemwa, wewe umeona PDF.

Mpita njia

Mkuu, niko Kasulu. Duka la riwaya la karibu nalo liko wapi? Nauli ya kwenda Kigoma mjini ni zaidi ya kitabu, na nikifika huko nitaulizwa kidato cha ngapi. Nipe njia nyingine nikulipe sasa hivi.

Muuza vitabu, Posta, Dar

Hapo umenishika. Kitabu naweza kukitia kwenye basi, kondakta nikamwachia chake. Nimewahi kutuma Tunduma na kikafika, jalada limekunjika kidogo.

Mleta mada, Morogoro

Nimerudi. Nijibu kwa ufupi, ingawa mimi na ufupi hatuelewani.

Mwalimu, umenipiga pabaya na umepatia. Orodha ya majina haijawahi kumshawishi mtu, nami nilitoa orodha ili nionekane msomaji. Ila suala la kuanza na marehemu bado silikubali. Mtoto anataka kuona kwamba kitu hiki kinaandikwa leo, na watu wanaopanda bajaji anazopanda yeye. Asipoliona hilo mapema atajua riwaya ya Kiswahili ni kitu cha enzi, kama simu ya kukoroga.

Ndugu wa Tanga, sikusema tununue kwa huruma. Nimesema kitabu uwe umekimaliza. Sita ulizosoma wewe ni nyingi kuliko zilizosomwa na wengi wetu humu, mimi nikiwemo. Sasa katika hizo sita, hakuna hata moja? Umetutajia za kasoro tu. Mabaya ya waandishi wapya tunayajua yote, kwa sababu ndiyo yanayosimuliwa. Taja ile iliyokukesha.

Msomaji, Tanga

Ipo moja. Hadithi fupi, si riwaya. Mwandishi kaichapa mwenyewe, imebanwa na pini za karatasi, inahusu mvuvi anayeuza mashine ya boti ili amsomeshe binti, na binti anaitafuta mashine ile aikomboe. Kurasa 60. Ina makosa ya uchapaji kama upele, na niliisoma mara mbili. Sikuwa na mpango wa kuitaja kwa sababu haina hata jina la mchapishaji. Nitamuuliza kama amebakiwa na nakala.

Muuza vitabu, Posta, Dar

Mwambie alete tano. Tano tu, nimejifunza. Nitaziweka upande wa kivuli.

Dada, Muscat

Na mimi niulizieni kama anaandika WhatsApp.

Mleta mada, Morogoro

Mrejesho, wakuu, kwa mlioniuliza pembeni. Jana usiku nilifuata ya Mwalimu. Umeme ulikatika, nikawasha tochi ya simu, nikamsomea mpwa wangu kurasa mbili za Mungu Hakopeshwa, nikafunga, nikasema nimechoka naenda kulala. Hakusema kitu. Asubuhi kitabu hakikuwa mezani, na yeye alikuwa bado amelala saa nne.

Leo jioni kanitumia ujumbe. Nilidhani ni shukrani. Ni namba ya mtu nisiyemjua, na chini yake: "Mjomba, huyu naye anaandika vizuri, nimemgundua mwenyewe. Kumi za mwanzo nimemaliza. Nirushie elfu mbili."

Dada wa Muscat, kabla sijatuma: yule wako wa kisimani, namba yake inaishia na ngapi?