Mgomo ni Jumatatu na kodi sijalipa

Muuguzi wa Kilifi:
Wenzangu, chama kimetoa notisi ya mgomo. Madai nayaunga mkono, marupurupu yetu yamekaliwa tangu mwaka jana. Lakini mkopo wa sacco unakatwa kwenye mshahara huo huo, mwenye nyumba ashaanza kubisha alfajiri, na kijana yuko kidato cha pili. Nigome, au niingie wodini?

Mkongwe wa Wodi:
Dada, uliza kwanza kama mahakama imeusimamisha. Mgomo ukiwa halali, ikiwemo notisi ya siku 7, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inakukinga usifutwe kwa kugoma. Mshahara haiukingi: mwajiri halazimiki kulipa siku ambazo hukufanya kazi. Mwaka 2017 sisi wauguzi tulikaa nje karibu miezi 5. Mimi niliuza friji.

Mama Pili:
Nenda sacco kabla ya Jumatatu, uombe wapunguze makato. Mshahara ukishakwama mtakuwa foleni nzima pale.

Muuguzi wa Kilifi:
Miezi 5! Haya, sacco naenda kesho. Ila kuwapita wenzangu getini nikiwa na sare, hapana. Mwenye nyumba nitampa nusu, anune atakavyo.