Uvutaji wa sigara na upandikizaji wa nywele: niache kwa muda gani kabla ya upasuaji?

Mwenyeji wa Kigamboni, Dar es Salaam

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Nina umri wa miaka 38, na tangu nilipokuwa chuoni ninavuta takribani pakiti moja ya sigara kwa siku. Upara ulianza kwenye kona za paji la uso na sasa umefika utosini, kama ilivyokuwa kwa baba yangu na kwa wajomba. Daktari wa ngozi aliniandikia minoksidili ya kupaka pamoja na vidonge vya finasteridi vya miligramu 1. Nywele zimepunguza kasi ya kunyonyoka, ila sehemu ya mbele iliyokwisha kuwa wazi haijajaa. Kwa sababu hiyo nimeweka miadi ya kupandikiza nywele katika kliniki moja mjini Istanbul.

Kinachonitatiza ni majibu mawili yasiyolingana. Mratibu wa kliniki, ambaye huwasiliana nami kwa WhatsApp, anasema inatosha nisivute siku moja kabla ya upasuaji na siku chache baada yake. Daktari wangu wa hapa nyumbani anasema niache wiki 4 kabla, na kama siwezi, basi niahirishe safari. Je, nani kati yao anasema lililo sahihi, na kwa sababu gani? Na je, sigara inaharibu pia kazi ya dawa ninazotumia, au madhara yake ni kwa upasuaji tu? Nitashukuru zaidi kupata maelezo ya sababu, maana onyo la "sigara ni mbaya" nimelisikia tangu utotoni na halijanisaidia kupanga lolote.

Muuguzi wa Chumba cha Upasuaji, Mombasa

Kaka, mfuate daktari wako wa Dar es Salaam. Nitakueleza sababu, kwa kuwa ndizo ulizoomba.

Katika njia ya upandikizaji iitwayo FUE, mizizi ya nywele hutolewa mmoja mmoja kisogoni, kila kipandikizi kikiwa na nywele 1 hadi 4, kisha huhifadhiwa kwenye maji maalumu ya baridi hadi zamu yake ya kuingizwa kwenye tundu dogo lililotobolewa mbele au utosini. Tangu kinapotolewa, kipandikizi hakina mshipa wa damu unaokilisha. Siku za mwanzo kinaishi kwa kufyonza oksijeni na virutubisho kutoka kwenye majimaji ya jeraha linalokizunguka, na ni baada ya siku 3 hivi ndipo mishipa midogo mipya huanza kukifikia, ikiendelea kuimarika katika juma lote la kwanza. Uhai wa nywele unazolipia unaamuliwa, kwa sehemu kubwa, ndani ya siku hizo chache.

Sasa tazama sigara inafanya nini katika siku hizo hizo. Nikotini husababisha mwili kumwaga homoni zinazobana mishipa midogo ya ngozi, na mtu anayevuta pakiti kwa siku huwasha nyingine kabla mbano wa ile ya kwanza haujaachia. Monoksidi ya kaboni iliyomo kwenye moshi hushikamana na himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo hata ile damu kidogo inayopenya hufika ikiwa imebeba oksijeni pungufu. Juu ya hayo, dawa ya ganzi inayochomwa kichwani kwa kawaida huchanganywa na adrenalini ili kupunguza kutokwa na damu, nayo pia hubana mishipa ile ile.

Ushauri wa siku moja una chembe ya ukweli. Kiasi cha nikotini kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, na monoksidi ya kaboni hupungua kwa nusu kila baada ya saa 4 hadi 6, hivyo baada ya siku nzima bila sigara damu yako itakuwa imesafika kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, kidonda hakiponi kwa damu safi peke yake. Chembe zinazopambana na vijidudu na zile zinazotengeneza kolajeni, protini inayounga ngozi, hudhoofishwa na miaka ya kuvuta, na usiku mmoja hauzirudishii nguvu. Mwaka 2003 watafiti wa Denmark walichapisha jaribio ambalo washiriki walikatwa vidonda vidogo kwa makusudi nyuma ya kiuno ili kupona kwake kufuatiliwe. Vidonda vya walioendelea kuvuta viliambukizwa kwa 12%, vya wale ambao hawajawahi kuvuta kwa 2%, na wavutaji walioacha walionekana kupata nafuu ya wazi walipopimwa baada ya wiki 4. Shirika la Afya Duniani nalo, mwezi Januari 2020, lilieleza kwamba anayeacha tumbaku wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji hupunguza hatari ya matatizo, na kwamba kila wiki inayoongezeka baada ya hizo 4 huboresha matokeo kwa 19%, kwa kuwa damu inafika vizuri zaidi kwenye viungo muhimu.

Takwimu hizo ni za upasuaji kwa jumla, wala si za nywele peke yake. Lakini ngozi ya kichwa hupona kwa kanuni zile zile, na kipandikizi kisicho na mshipa wake kinategemea kanuni hizo kuliko kidonda kilichoshonwa. Baada ya upasuaji usivute kwa angalau wiki 2, na ukiweza kufikisha 4 ni bora zaidi.

Mzanzibari wa Muscat

Assalamu alaykum. Nakubaliana na dada muuguzi, na ningependa kuongeza nililoliona kwa macho yangu. Mimi na binamu yangu tulifanyiwa upandikizaji katika safari moja, kliniki moja ambayo sitaitaja. Mimi nilikuwa nimeacha sigara zamani. Binamu yangu alipoulizwa katika fomu kama anavuta, alijaza kwamba havuti, na jioni ya siku ya upasuaji akawa anavuta kwenye roshani ya hoteli. Ameniruhusu kuyasema haya.

Siku za kwanza vichwa vyetu vilifanana: wekundu, uvimbe ulioshuka hadi kwenye nyusi, na vigaga vidogo kuzunguka kila kipandikizi. Kadiri tulivyoosha kwa povu kama tulivyofundishwa, vigaga vyangu vililainika, na kufika siku ya kumi hivi vilikuwa vimetoka vyote. Kwake vilitoka mbele, lakini katikati ya utosi palibaki duara linalotosha sarafu, kwanza la rangi ya zambarau iliyofifia, kisha jeusi na gumu, na pembezoni mwake palikuwa na unyevu. Daktari tuliyemwendea baada ya kurudi alisema ngozi ya pale imekufa kwa kukosa damu. Kidonda kilichukua wiki nyingi kufunga, na leo pana kovu linalong'aa lisiloota kitu. Daktari huyo hakuibebesha sigara lawama yote: alisema pia kwamba vipandikizi vilisongamanishwa mno mahali pamoja, na kwamba katikati ya utosi ni mbali na mishipa mikubwa inayotoka pembeni mwa kichwa. Alisisitiza kwamba ngozi kufa namna ile ni jambo la nadra, ila anapolikuta, mara nyingi mgonjwa ni mvutaji au ana kisukari.

Jingine ambalo ni vema ulijue mapema, kaka, ni kwamba kati ya wiki ya 2 na ya 8 nywele nyingi zilizopandikizwa hunyonyoka, kisha huanza kuota upya kuanzia mwezi wa 3 au wa 4, na matokeo huonekana vizuri kufikia mwezi wa 12. Kipindi kile cha kunyonyoka kinavunja moyo sana, na nawafahamu watu waliorudia sigara wakati huo kwa kudhani kwamba kazi yote imeharibika. Mizizi ilikuwa bado hai chini ya ngozi.

Tabibu wa Ngozi, Moshi

Naomba nijibu sehemu ya swali inayohusu dawa. Upara wa kurithi kwa wanaume hutokana na homoni ya kiume iitwayo DHT kuiathiri mizizi ya nywele yenye wepesi wa kudhurika, ile ya mbele na ya utosini. Finasteridi huzuia kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa DHT, na hupunguza DHT kwenye damu kwa takribani 70%. Sigara haiingilii hatua hiyo, na kwa hiyo hapana sababu ya kudhani kwamba vidonge vyako ni kazi bure. Ila moshi unaushambulia mzizi kwa njia zake: unapunguza damu inayoulisha, na kemikali zake zinadhuru chembe za mzizi pamoja na vinasaba vyake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliofanyika Taiwan kwa wanaume 740 wenye umri wa miaka 40 hadi 91, ulionyesha kwamba wavutaji, hasa wanaofikisha sigara 20 au zaidi kwa siku, walikuwa na upara mkubwa zaidi hata baada ya umri na historia ya familia kuzingatiwa. Wewe upo kwenye kiwango hicho hicho. Kwa lugha nyepesi, dawa inajaza ndoo ambayo sigara inaitoboa.

Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu kwa sababu hutanua mishipa, na ile ya kupaka kwa ajili ya upara iliidhinishwa Marekani mwaka 1988. Siku hizi wengine wanapewa vidonge vyake kwa dozi ndogo kwa ajili ya nywele. Ukishauriwa kuhamia kwenye vidonge, mwambie daktari kwamba unavuta, akupime shinikizo la damu na kuuchunguza moyo kwanza.

Kuna jambo ambalo sijaliona likitajwa, nami naliona zito sawa na sigara. Nywele zetu zilizojikunja hujipinda pia chini ya ngozi, na mtoboaji asiyezizoea hukata mizizi mingi wakati wa kuitoa, kwa hiyo uliza kama wanafanya majaribio ya vipandikizi vichache kabla ya kuendelea na maelfu. Chunguza kisogo chako vilevile: kama una vile vipele vigumu vinavyotokea baada ya kunyoa, au historia ya makovu yanayovimba, tatizo hilo litibiwe kwanza. Dada zetu waliopoteza nywele utosini kwa ugonjwa unaoacha makovu, au kandokando ya paji la uso kwa kusuka kwa kubana miaka mingi, wana tahadhari ya ziada. Ngozi yenye kovu hupata damu kidogo tangu mwanzo, na anayevuta anaipunguza ile kidogo iliyobaki, kwa hiyo kwao mimi ningekataa kabisa kupendekeza upasuaji kabla sigara haijaachwa.

Mwenyeji wa Kigamboni, Dar es Salaam

Nawashukuru sana, dada muuguzi, daktari, na wewe kaka mkubwa wa Muscat. Mpe pole binamu. Nimeamua kuisogeza tarehe. Nimebaki na maswali mawili. Kuacha pakiti nzima kwa ghafla ni kugumu, je, naweza kutumia plasta au chingamu za nikotini katika wiki hizo 4, au nazo zina madhara yale yale? Na vipi kuhusu sigara za kielektroniki na shisha, ambazo rafiki zangu wananiambia ni nafuu zaidi?

Muuguzi wa Chumba cha Upasuaji, Mombasa

Shisha iondoe kabisa kwenye hesabu. Kikao kimoja huweza kuchukua saa nzima, na mkaa wake hukuongezea monoksidi ya kaboni nyingi juu ya ile ya tumbaku yenyewe. Hapa Kenya ilipigwa marufuku Desemba 2017, lakini Istanbul utaikuta kwenye mikahawa kwa jina la nargile, na mwenyeji wako anaweza kukukaribisha kwa nia njema kabisa, kwa hiyo uwe umeandaa jibu mapema. Sigara za kielektroniki hazina moshi wa kuungua, ila zenye nikotini hubana mishipa kama kawaida, na kuberi na ugoro ni vivyo hivyo.

Plasta na chingamu ni habari tofauti, na hapa naomba tusiwatishe watu kupita kiasi. Katika jaribio lile la Denmark, baadhi ya walioacha walipewa plasta za nikotini na wengine plasta zisizo na dawa, na vidonda vya makundi hayo mawili havikutofautiana kwa maambukizi. Dawa hizi zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Hata hivyo kipandikizi cha nywele kinategemea mishipa midogo mno, kwa hiyo ningeshauri uzitumie mwanzoni ili zikuvushe zile siku ngumu, ukipunguza dozi chini ya uangalizi wa daktari wako, na ulenge kufika siku ya upasuaji ukiwa huna nikotini ya aina yoyote mwilini. Ikiwa siku ya safari itakukuta bado upo kwenye plasta, mwambie daktari mpasuaji. Mtu aliyepunguza hadi plasta yuko salama kuliko aliyerudi kwenye sigara kwa siri.

Na unapoiandikia kliniki kuhusu tarehe mpya, usiishie kwa mratibu. Omba ujumbe wako umfikie daktari mwenyewe, ukitaja idadi ya sigara ulizokuwa ukivuta, miaka uliyovuta, tarehe uliyoacha, na dawa zote unazotumia. Muulize endapo kwa mvutaji wa zamani atapunguza msongamano wa vipandikizi utosini au kupunguza adrenalini kwenye ganzi, na ni nani hasa atakayetoboa matundu. Kliniki isiyoweza kukupatia majibu ya daktari kwa maswali hayo kabla hujalipa kiasi kilichobaki, mimi nisingepanda ndege kuifuata.