Tuliomfuata Xabi Alonso tangu yuko uwanjani mpaka amekuwa kocha, tupeane uzoefu

Mleta uzi, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Timu kubwa ya Ulaya ikianza kuyumba tu, jina la Xabi Alonso halikosi kutajwa, na vijana wengi wanaomjadili wamemjulia Leverkusen ya Ujerumani. Sisi tuliomwona tangu amevaa jezi namba 14 ya Liverpool tuna mengi ya kusimulia, ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Kwa wasiomjua vizuri: amezaliwa Tolosa, nchi ya Wabasque, kaskazini mwa Hispania, Novemba 1981. Baba yake, Periko Alonso, naye alikuwa kiungo, akabeba La Liga mara mbili na Real Sociedad na mara moja na Barcelona. Mtoto akaanzia Sociedad hapo hapo, akapelekwa Eibar kwa mkopo, na aliporudi kocha John Toshack akampa unahodha angali kijana mdogo. Msimu wa 2002/03 Sociedad walikosa ubingwa kwa pointi mbili tu nyuma ya Real Madrid. Mwaka 2004 Rafa Benítez akamleta Liverpool, 2009 akaenda Madrid, 2014 Bayern, 2017 akatundika daluga. Humo katikati kuna Kombe la Dunia 2010, Euro mbili, Ligi ya Mabingwa mbili na mechi 114 za timu ya taifa.

Ninachotaka tukiongee ni kilichofuata. Mtu mwenye rekodi hiyo angeomba timu kubwa kesho yake na angepewa. Yeye alikwenda kufundisha watoto wa chini ya miaka 14 wa Real Madrid. Mwaka 2019 akarudi nyumbani kuchukua timu B ya Sociedad, wenyewe wanaiita Sanse, ikiwa daraja la tatu. Alikaa nayo misimu mitatu. Mwaka 2021 akaipandisha daraja la pili, ambalo haikuwa imecheza tangu 1962, na msimu uliofuata ikashuka naye. Oktoba 2022 ndipo Leverkusen wakamwita, wakiwa nafasi ya 17 kwenye ligi ya timu 18, pointi 5 katika mechi nane.

Mimi naamini kabisa kwamba kocha tunayemsifu alitengenezwa kwenye miaka ile ambayo hakuna kamera iliyomfuata, ukiwemo msimu ule wa kushuka daraja. Mliomfuatilia, mnaofundisha vijana mtaani, mlioko Ujerumani, karibuni. Leteni mliyoyaona kwa macho yenu, takwimu kila mtu anaweza kuzitafuta.

Jogoo wa Ngamiani, Tanga

Mkuu umenigusa pabaya. Mimi ni Liverpool tangu utoto, na usiku wa Istanbul, Mei 25, 2005, siwezi kuusahau.

Majira yale saa ya Istanbul na ya kwetu ni moja, kwa hiyo mpira ulianza saa 3:45 usiku. Mapumziko Milan tatu, sisi hatuna kitu. Kibanda umiza chetu kilikuwa cha turubai na mabenchi ya mbao, na zaidi ya nusu ya watu walinyanyuka wakaenda kulala. Tuliobaki tukasogea mbele, kwa mara ya kwanza nikapata nafasi ya kunyoosha miguu.

Kila mtu anamkumbuka Gerrard usiku ule, na ni haki yake. Mimi nakumbuka dakika ya 60. Gattuso kamwangusha Gerrard, penalti, mpigaji Alonso, miaka 23, msimu wake wa kwanza Uingereza. Dida akaipangua. Sasa tafuta video uangalie miguu ya Alonso baada ya hapo. Hakushika kichwa, hakumtazama mwamuzi. Mpira unatoka mikononi mwa kipa yeye tayari yuko mbioni, akaukuta na kuupandisha juu ya nyavu kwa mguu wa kushoto. Tatu kwa tatu. Mabeki wa Milan walikuwa bado wanageuka. Waliokwenda kulala walirudi mbio kwa kelele zetu, wengine na vikoi.

Kuna jambo la usiku ule ambalo halitajwi sana. Mapumziko Benítez alimtoa Finnan, beki wa kulia, akamwingiza Hamann, nyuma wakabaki watatu. Alonso akapata mtu wa kumsaidia kazi chafu katikati, na hapo ndipo akaanza kugawa mipira anavyotaka. Nilipomwona Leverkusen anapanga mabeki watatu na viungo wawili mbele yao, Xhaka na Palacios, nilimwambia mdogo wangu: huyu alikuwa anaandika madaftari tangu anacheza.

Na msisahau yale mabao mawili ya kutoka nusu yake ya uwanja, Luton kwenye Kombe la FA Januari 2006 na Newcastle Septemba mwaka huo huo. Haikuwa bahati, alikuwa ameshamwona kipa yuko wapi.

Kocha wa Kirumba, Mwanza

Salaam wakuu. Nafundisha vijana wa chini ya miaka 15, uwanja wa vumbi, mipira michache. Kwangu Alonso ni somo la kazi kabisa, nieleze kidogo.

Kuna mahojiano aliyowahi kufanya baada ya kuondoka Uingereza. Alisema alishangaa kuona vijana wa akademi wakiulizwa sifa zao wanataja kupiga mashuti na kukaba kwa kuteleza. Kwake yeye kuteleza ni njia ya mwisho, inatumika pale ambapo umeshachelewa kufika, wala si kitu cha kujivunia. Nilipoisoma niliwaza vijana wangu. Kwetu mtoto akiteleza na kuchota mpira na mtu, uwanja mzima unashangilia. Akisimama mahali sahihi mpaka pasi ya adui ikamfikia mwenyewe miguuni, hakuna anayepiga makofi.

Nilikuwa na kiungo mmoja mwembamba, mbio hana, nguvu hana. Wazazi wa wenzake wakaniambia nimtoe, timu inafungwa kwa sababu yake. Kilichonifanya nimng'ang'anie ni kwamba Alonso mwenyewe hakuwahi kuwa na mbio, na amecheza chini ya Benítez, Mourinho, Ancelotti na Guardiola, makocha wenye mawazo tofauti kabisa, na wote wamempa namba. Yule kijana shida yake ilikuwa moja. Alikuwa anapokea mpira kwanza halafu ndipo anaangalia. Akiinua kichwa, watu wawili wameshamfikia.

Nikambadilishia hilo tu. Bega ligeuke kabla mpira haujafika, shingo ifanye kazi kuliko miguu. Ilichukua muda, na kuna mechi tulifungwa nikamwona analia nyuma ya goli. Lakini msimu uliofuata yeye ndiye aliyekuwa anawaambia mabeki wasogee wapi, na sauti yake ikawa inasikika mpaka barabarani. Wale wazazi sasa wanataka watoto wao wapangwe karibu naye.

Kwa hiyo mleta uzi nakuunga mkono. Ukishakaa na watoto wa miaka 14 unajifunza kueleza jambo moja kwa njia kumi. Mastaa wengi wanashindwa kufundisha kwa sababu wao mpira uliwajia wenyewe, hawajui mtu asiyeuona uwanja unamwelezaje auone.

Mama Wanabunduki, Nairobi

Mimi ni Arsenal na sioni haya kumsifu. Wengi hawajui kwamba Alonso na kocha wetu Mikel Arteta wametoka timu moja ya watoto, Antiguoko, pale San Sebastián, na walicheza pamoja ufukweni La Concha wakiwa wadogo. Andoni Iraola naye alipitia Antiguoko, na Aritz Aduriz pia. Klabu ya mtaa tu hiyo, wala si akademi ya mabilioni.

Kijana wangu ndiye aliyenifanya nimwangalie Alonso kama kocha. Aliniuliza mbona kiungo wetu Zubimendi anapokea mpira bila wasiwasi hata akizungukwa. Nikamwambia huyo alipita Sanse, chini ya Alonso. Tangu siku hiyo tunaangalia mechi na huyu mtoto akiwa ananihesabia mara ngapi kiungo amegeuza shingo. Chakula kinapoa mezani, hatuna habari.

Mbongo wa Köln, Ujerumani

Nimesoma kimya kimya sasa naomba nichangie, maana mimi nilikuwa jirani.

Nakaa Köln, na Köln na Leverkusen hawapendani. Ni miji iliyokaribiana, treni ya S6 inakufikisha muda si mrefu, lakini watu wa Köln wanaidharau Leverkusen kama timu ya kiwanda, kwa sababu ilianzishwa na wafanyakazi wa Bayer, kampuni ya dawa, mwaka 1904. Ghalani ninapofanya kazi kuna mzee mmoja shabiki wa Leverkusen, na kila mwaka wenzake walikuwa wanamkumbusha 2002. Msimu ule walikosa ligi mwishoni, wakapoteza fainali ya kombe la Ujerumani, kisha Zidane akawamaliza kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Glasgow. Vitu vitatu, vyote mkononi, vyote vikaponyoka.

Alonso alipofika Oktoba 2022 akaanza kwa kuifunga Schalke nne bila. Yule mzee hakusema kitu. Msimu wa 2023/24 ulipoanza na ushindi ukafuatana, bado hakusema kitu. Mimi nikawa namfuata wakati wa kahawa, namuuliza vipi, ananijibu subiri.

Aprili 14, 2024 nikapanda treni kwenda Leverkusen, tiketi ya uwanja sina, nataka tu kuwepo. BayArena inachukua watu elfu thelathini hivi, kwa hiyo mji mzima ulikuwa nje. Bremen walifungwa tano, Wirtz matatu peke yake, na mashabiki wakavamia uwanja kabla filimbi ya mwisho haijakaa sawa. Bayern walikuwa wamechukua ligi miaka 11 mfululizo. Nilikutana na yule mzee karibu na stesheni, skafu imelowa bia na machozi, akanikumbatia akashindwa kuongea. Mtu ninayefanya naye kazi miaka yote hiyo, sikuwahi hata kumwona akicheka kwa sauti.

Nyie wa mbali mliona magoli. Sisi tuliona timu iliyokataa kuamini kwamba mechi imekwisha. Qarabağ waliongoza mbili bila, Schick akafunga mawili dakika za nyongeza. Roma nao walikuwa wanaongoza, Stanišić akasawazisha dakika ya 97, na hiyo ikawa mechi ya 49 bila kupoteza, wakaipita rekodi ya Benfica ya miaka ya sitini. Walikuja kupoteza moja tu, fainali ya Ligi ya Europa kule Dublin, Lookman wa Nigeria akawafunga matatu. Siku tatu baadaye wakachukua kombe la Ujerumani, Xhaka kafunga, moja bila. Ligi walimaliza na ushindi 28, sare sita.

Na msimu huo huo Köln wakashuka daraja. Ghalani kulikuwa kimya, lakini mzee hakumcheka mtu.

Madridista wa Muscat, Oman

Nawaheshimu wote, lakini sifa zimezidi. Mimi ni Madrid damu na nilimpenda akiwa mchezaji. Msimu wa pointi 100, 2011/12, pale katikati ilikuwa yeye. Alipotangazwa kocha wetu Mei 2025 nilifurahi kama nimepata mtoto.

Sasa tuseme ukweli. Kombe la Dunia la Klabu, PSG wakatupiga nne. Oktoba tukaifunga Barcelona 2-1, Alhamdulillahi, lakini Vinícius akatolewa na kuondoka amekasirika mbele ya dunia nzima, na kuanzia hapo niliona mambo hayako sawa. Januari 2026 tukapoteza fainali ya Super Cup ya Hispania kwa Barcelona kule Jeddah, 3-2, kesho yake wakaachana naye. Ikiwa shule ya miaka minne na watoto inatosha, mbona Madrid imemshinda?

Mleta uzi

Mkuu wa Muscat, hoja yako nzito na naipokea. Jibu langu ni hili. Leverkusen walikuwa na kiu ya ubingwa wa ligi ya miaka 120, wachezaji wakiambiwa rudini nyuma mita tano wanarudi. Madrid aliongoza chumba cha watu wenye makombe kabatini, na kila aliyetolewa dakika ya 70 alikuwa na gazeti lake. Hiyo ni kazi nyingine, na hakuna daraja la tatu linaloifundisha. Lakini sikubali kwamba imemshinda mtu aliyepewa miezi saba. Machi 2024 Liverpool na Bayern wote walikuwa wanamtaka, akasema hadharani anabaki Leverkusen kwa sababu kazi haijaisha. Mtu anayejua kusubiri hivyo atapata timu nyingine na atajenga.

Kocha wa Kirumba, nina swali. Hilo zoezi la shingo unalifanyaje? Nina timu ya mtaa hapa Tabata, viungo wangu wote wanapokea mpira wakiangalia chini.

Kocha wa Kirumba

Mkuu ni rahisi, halihitaji vifaa. Mchezaji anasimama katikati, mwenzake mbele yake ana mpira, wewe unasimama nyuma ya mgongo wake hatua kama kumi. Pasi inapotoka tu unainua vidole. Kabla mpira haujamgusa lazima awe ameshageuka, ameviona na ametamka idadi kwa sauti, ndipo anapokea. Akikosea idadi, mpira unarudi, anaanza upya hata kama ameutuliza vizuri.

Wakishazoea, badala ya vidole weka wachezaji wawili nyuma, kulia na kushoto. Mmoja anamsogelea kumkaba, mwingine anabaki wazi, na yeye anapokea kwa mguu wa upande ulio wazi na kumpasia yule wa wazi kwa mguso wa pili. Fanya dakika kumi mwanzo wa mazoezi, kabla hawajachoka. Siku za mwanzo watakosea karibu zote na watakuambia shingo zinauma, usiwapigie kelele. Ukikwama niandikie hapa hapa nikutumie video ya vijana wangu.